Mguu wa Mkwe Kwenye Breki

Breki za pikapu yangu zilikufa nikiwa nimeshamaliza kupanda mlima wa Newala. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza kwanza kama nilikuwa napanda au nashuka. Ningekuwa nashuka, habari hii angeisimulia mtu mwingine, na angeisimulia matangani.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilitoka Masasi alfajiri na magunia ya chumvi, maana mimi sipandi huko juu na gari tupu hata nikiitwa msibani. Chumvi nikaishusha sokoni Newala, nikabishana na mpokeaji kuhusu gunia moja ambalo yeye alisema limelowa na mimi nikasema limepigwa na baridi ya huku juu kama sisi sote, kisha nikaendelea hadi kijijini kwao mke wangu. Nilipokata kona ya kuingia uani nikakanyaga breki, na pedeli ikaenda hadi chini bila kupinga. Nikakanyaga tena. Chini tena. Gari likapita jiko, likapita banda la kuku, likasimama lenyewe kwenye matuta ya mihogo ya mama mkwe. Nilikaa humo ndani kidogo, mikono kwenye usukani. Sikuogopa. Nilichoka tu. Kuna umri ambao hata hofu inafika kwako ikiwa imeshachoka njiani.

Safari yenyewe haikuwa ya chumvi. Nilikuja kumchukua mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga kabisa, na la kushoto lilibaki kutofautisha mwanga na kivuli. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Masasi kwa siku chache, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho ya upasuaji. Mgonjwa alitakiwa afike siku ileile kabla ya magharibi, apimwe presha na sukari, alale wodini, asubuhi aingie. Baada ya hapo hakuna aliyejua watarudi lini. Mwaka uliotangulia tulifika wakiwa wanafunga masanduku yao. Mwaka wa nyuma yake mama mwenyewe alikataa, akisema hana mengi ya kutazama. Safari hii alikubali, kwa sababu msimu ulipoanza aliokota korosho mbovu na nzima akazichanganya bila kujua, na gunia lake likakataliwa ghalani mbele za watu. Mwanamke ambaye ujana wake wote alisifiwa kwa korosho safi.

Mke wangu ni mwalimu, hakuweza kuacha darasa. Asubuhi ile aliniambia, "Baba Mapacha, ukirudi bila mama, chumvi yako kaa nayo hukohuko."

Sasa lazima niseme jambo la ukwe, la sivyo utashangaa tulichohangaikia mchana kutwa. Vijana wa leo wanakula meza moja na mama wakwe zao, wanapiga nao picha, wanawatumia vichekesho kwenye simu. Katika nyumba ile, hapana. Tangu nioe sijawahi kumwita mama mkwe, sijawahi kumtazama usoni, sijawahi kumpa mkono. Nikija napiga hodi kwa mbali, yeye anaingia jikoni. Shikamoo yangu inapita kwa mtu, na marahaba yake inarudi kwa njia hiyohiyo. Si uadui. Ni heshima, na ina faida zake: hatujawahi kugombana. Kila neno kati yetu hubebwa na mtu wa tatu. Mara nyingi ni mke wangu, au mdogo wake, na wao wasipokuwepo, ni mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama mkwe, mkubwa wa ukoo. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikauchukua mkono, kikauchukua mguu, mdomo kikauacha. Watu wa pale husema kiharusi hakikushauriana na majirani. Siku ile alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, ukutani mwa jiko, redio mapajani.

"Mkwe," akasema gari lilipotulia, "hiyo mihogo tungekupikia. Hukuwa na haja ya kuifuata na gari."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Breki?"

"Breki."

"Basi mama yako leo hasafiri." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni, "Umesikia? Mkweo amekulimia mihogo!"

Mlangoni mwa jiko niliona kikapu kilichofungwa kwa kanga, na juu yake kandambili mpya, bado zimeunganishwa kwa uzi wa dukani. Alikuwa tayari tangu asubuhi.

Niliingia chini ya gari. Paipu ya chuma inayopeleka mafuta ya breki magurudumu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu pale inapobanwa kwenye chesi, na mafuta yalikuwa yamechora mstari hadi kwenye ekseli. Sikuhitaji kuuliza aliyeila. Miaka yote hiyo chumvi yangu ilikuwa ikilowa mvua, inachuruzika kupitia mbao za bodi, inakaa palepale. Biashara ilikuwa imekula chombo chake yenyewe, polepole, bila kelele, na faida nilikuwa nimeshaila mimi. Breki za mbele zilibaki na nguvu ya kusimamisha baiskeli.

Nikapiga simu. Fundi ninayemwamini Newala alikuwa Tandahimba kwenye lori la korosho, akaniambia nimsubiri keshokutwa. Msimu ule kila chenye magurudumu kilikuwa kinabeba korosho. Mwenye teksi mmoja alinitajia bei ya kutupeleka Masasi, nikamwuliza kama kwa bei hiyo na kadi ya gari ataandika jina langu. Akakata simu. Nikampigia tena kwa unyonge, maana macho ni macho, lakini alikuwa ameshapata abiria. Basi lilikuwa limeondoka asubuhi. Bodaboda kwenye mteremko ule, na mtu asiyeona, na nyonga yake inayomuuma, hata mimi mpenda cha bei ndogo nilikataa.

Nikabaki mimi na spana zangu. Kabla ya chumvi nilikuwa utingo wa malori, na utingo hulala chini ya gari zaidi kuliko anavyolala kitandani. Nilikuwa najua kazi. Nilichokuwa sina ni paipu, mafuta, na mtu wa pili.

Paipu niliipata sokoni Newala, nilikokwenda kwa bodaboda, kwa muuza vipuri chakavu mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya magari. Kwanza alinitolea bomba jembamba la shaba.

"Hili linakunjika unavyotaka, kaka. Mafundi wote wanaweka hili."

"Hili ni la friji."

"Shaba ni shaba."

"La friji lipeleke kwenye soda zako. Mimi nina mteremko."

Akacheka, akaingia nyuma, akatoka na paipu ya chuma ya gari kama langu, midomo yake bado imefumuka vizuri kama tarumbeta ndogo, nati zake zimo. Nikapuliza ndani, pumzi ikatokea upande wa pili. Nikaipitisha kidole urefu wote, kisha nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza mtu huona anachotaka kuona.

"Hii gari ilianguka?"

"Haikuanguka. Ilipumzishwa."

Akataja bei. Nikamwuliza kama bei hiyo ni pamoja na lile gari lililobaki. Kwa kawaida hapo ndipo ninapogeuza mgongo na kuanza kuondoka, na hatua zangu huwa fupi, nikisubiri kuitwa. Siku ile niligeuka, nikatembea, na hakuniita. Alikuwa ameniona nikitazama saa. Mnunuzi mwenye haraka hunuka, na wauzaji wana pua. Nikarudi, nikalipa alichotaka, nikaongeza kopo dogo la mafuta ya breki. Lilikuwa la mwisho kwenye rafu. Nikaomba na kipande cha mpira wa dripu, kile chepesi kinachoonyesha ndani. Hicho alinipa bure, nadhani kwa huruma.

Nilirudi kijijini jua limesimama kichwani. Nikainua gari kwa jeki, nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele, nikalaza magogo ya mkorosho chini ya chesi, maana jeki ni kiumbe nisichokiamini hata nikiwa na usingizi. Nati za zamani ziligoma. Nilizipaka mafuta, nikazigonga kidogo, nikazisubiri, nikazibembeleza kwa spana hadi zikaachia. Paipu mpya nikaipinda taratibu kwa mikono, nikaifuatisha njia ya ile ya zamani, ila pale kwenye kibano nikaifunga kipande cha tyubu ya baiskeli ili chumvi ikija tena ianze na mpira. Nikakaza. Nikazunguka, nikakaza tena.

Kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ukishafungua paipu ya breki, upepo umeingia, na upepo hauna nguvu ya kusukuma kitu. Unaukanyaga, unajikunja tu. Lazima utolewe. Na kuutoa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani. Anakanyaga pedeli na kuishikilia. Mwingine yuko chini, kwenye gurudumu la nyuma, anafungua skrubu ndogo, mafuta yanatoka na mapovu kupitia mpira hadi kwenye chupa, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla skrubu haijafungwa, gari linavuta upepo mwingine ndani, na mmerudi mlikotoka. Siri yote ni maneno: kanyaga, shikilia, achia, kila neno kwa wakati wake.

Nikatazama uani. Kijiji kizima kilikuwa mashambani kuokota korosho. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa huko pia, simu yake imezimwa kulinda chaji. Alikuwepo mjomba, ambaye mguu wake wa breki ndio uliokufa. Na alikuwepo mtu wa jikoni.

Nilijaribu kwanza mpini wa jembe. Niliubana kati ya kiti na pedeli. Lakini nikifungua skrubu pedeli inashuka na mpini unaanguka, na gari linavuta upepo kwa sauti ya mtu anayekunywa chai ya moto. Nikajaribu mara nyingine, kwa ubishi tu. Mjomba alinitazama kwa muda, kisha akazima redio yake, jambo ambalo halifanyi ovyo.

Kutoka jikoni ikatoka sauti, haikuelekezwa kwangu. "Kaka, mwambie mguu ninao. Macho ndiyo sina."

Mjomba akanigeukia kana kwamba sikusikia. "Mama yako anasema mguu anao."

Nilijifuta jasho. Mama mkwe, kwenye gari langu, kwenye kiti changu, na mimi chini nimelala chali nikimwamuru akanyage. Akilini nilimwona mke wangu akicheka, na nilimwona akilia, sikujua kipi kingekuja kwanza.

"Mjomba, mwambie ahsante, lakini nitampaje amri?"

"Utanipa mimi, nami nitampa yeye. Mimi ndiye mjomba. Kazi yangu ni nini hapa duniani?"

Basi nikaenda nyuma ya gari nikageukia migomba hadi alipotoka jikoni, akapapasa ukuta, akafuata sauti ya kaka yake, akapanda. Nikasikia mlango ukifungwa. Nikaingia chini.

"Mjomba, mwambie akanyage."

"Dada! Mkweo anaomba, kama haitakuwa taabu, ukikanyage hicho kitu!"

"Kipi? Viko vitatu!"

"Mkwe, anasema viko vitatu."

"Cha katikati."

"Cha katikati, dada!"

"Nimekanyaga! Mwambie nimekanyaga, lakini kimelala kama mlenda!"

"Anasema amekanyaga, lakini—"

Nilikuwa nimeshafungua skrubu. Povu likaanza kutoka, zuri kabisa, na katikati ya hilo povu nikasikia pedeli ikirudi juu, kwa sababu mama alikuwa amemaliza maelezo yake na kuona kazi imekwisha. Chai ya moto. Upepo wote ukarudi ndani na wa ziada.

"Mjomba, mwambie asiachie hadi niseme."

"Dada, mkweo anasema, si kwa ubaya, usiachie hadi aseme."

"Aseme kwa nani?"

"Aseme kwangu."

"Na wewe useme kwangu?"

"Ndiyo."

"Sasa nikanyage au nisubiri?"

Tuliendelea hivyo. Mjomba hakuweza kubeba neno likiwa uchi. Kila neno alilivalisha nguo, tafadhali na samahani na kama hutajali, na hadi limfikie dada yake lilikuwa limeshachelewa. Nikisema achia, lilifika wakati nimeshasema kanyaga. Nikisema kanyaga, lilifika pamoja na maoni ya mjomba kuhusu magari ya siku hizi. Kila mzunguko nilitoka chini, nikaenda mbele, nikafungua boneti kutazama mafuta, maana kikopo cha mafuta ya breki kilichomo humo kikikauka tunaanza upya kabisa. Kila mara mama aliinamisha uso akisikia hatua zangu, na mimi nikatazama pembeni, na mafuta yakawa yamepungua, na kopo langu dogo likawa jepesi. Nililitikisa. Nililitikisa tena, nikitumaini mkono wangu umekosea.

Lilibaki kama robo. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa bondeni. Nikalala chini ya gari, mgongo kwenye mchanga wenye mafuta. Nikiwa pale nilianza kupanga maneno ya kumwambia mke wangu kwa simu. Hayakuwepo mengi.

Ndipo nikasikia usukani ukipigwa kofi.

"Wewe gari!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, wazi, haikupitia kwa mtu. "Gari, mbona unanitesa? Mguu wangu uko hapa tangu adhuhuri. Kama una mdomo huko chini, niambie mwenyewe lini nishuke na lini nipande, niache kuambiwa na mtu anayesalimia kwanza!"

Kuku mmoja akapita. Mjomba akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, hadi kiti cha plastiki kikalia.

"Mkwe," akasema alipopata pumzi, "gari limeulizwa swali. Hapo hakuna mtu aliyesema na mtu. Gari likae kimya?"

"Mjomba, inaruhusiwa?"

"Nani atalikataza gari kusema?"

"Gari," nikasema, nikitazama tanki la mafuta juu ya pua yangu, "shuka."

Pedeli ikashuka. "Limeshuka," ikajibu sauti.

"Gari, kaa hapohapo."

"Limekaa."

Nikafungua. Povu, povu, kisha mafuta. Nikafunga. "Gari, panda."

"Limepanda."

Nasema kweli, nimefanya kazi hiyo na mafundi wenye vyeti na sijawahi kupata mguu kama ule. Alishuka taratibu, alishikilia bila kutetemeka, hakupanda hata unywele kabla ya neno. Gurudumu la mbali tukalimaliza. Nikahamia la pili, nikiburuta chupa na mpira. Nilipomimina mafuta ya mwisho kwenye kikopo nilikung'uta kopo kama mtu anayemalizia asali.

Kati ya shuka na panda kulikuwa na nafasi, wakati nakaza na kulegeza, na hapo mama akaanza kuitumia.

"Gari, huko Masasi mwanangu anakula vizuri?"

Nilisimamisha spana. Nikamsikia mjomba akifungua redio yake na kuiweka sauti ya chini, akitazama kwingine, kama mtu asiye na habari.

"Gari linasema anakula vizuri. Anachoka na shule."

"Na hao mapacha, gari, bado wanakojoa kitandani?"

"Mmoja tu. Gari haliwezi kumtaja. Gari, shuka."

"Limeshuka."

"Kaa."

"Limekaa. Gari, nasikia huko wanaingiza kisu kwenye jicho mtu akiwa macho anajua."

Nilifunga skrubu. Mafuta yalikuwa yanatoka safi sasa, bila povu, yananing'inia kwenye mpira. Ningeweza kumwambia nilichosoma kwenye karatasi ya hospitali, kwamba ni kitu kidogo, wanatia ganzi, hakichukui muda. Lakini miaka yote hiyo tulikuwa hatujaambizana kitu, na nilikuwa nimechoka mno kuanza na faraja nisiyoijua mwenyewe.

"Gari, panda," nikasema. Kisha, "Gari halijui mambo ya kisu. Gari linajua mteremko, na mteremko litaushuka polepole."

Nikasikia pedeli ikibonyezwa kidogo, bila amri, kama mtu anayepapasa ugumu wa ardhi kabla ya kuweka mzigo.

"Sasa ni ngumu," akasema. "Haizami tena. Gari, umepona."

Nilitoka chini. Nilizunguka nyuma ya gari nikageukia migomba tena, akashuka, akapapasa njia ya jikoni. Hapo ndipo shemeji alipoingia uani na ndoo ya korosho kichwani, akatutazama: mimi mweusi kwa mafuta, mama yake na kanga ya safari ina alama ya usukani.

"Jamani, mbona hamkuniita? Ningekanyaga mimi!"

Mjomba akaongeza sauti ya redio.

Nilijaribu breki uani, mbele na nyuma, kisha barabarani, kisha nikapita chini ya gari na tochi ya simu nikitafuta unyevu kwenye kila nati. Palikuwa pakavu. Nikapita tena, pakavu. Nikanawa kwa maji ya kikombe kimoja, maana huko juu maji ni adimu, hata mkwe hapewi ndoo. Tukamtandikia mama godoro nyuma, yeye na shemeji, kwa sababu ndani ya kebini pembeni yangu asingekaa hata angeahidiwa macho manne. Mjomba akamwambia dada yake kitu kwa Kimakonde, akacheka, dada yake hakucheka.

Mteremko nilioushuka jioni ile nimeushuka mara nyingi sana kwa chumvi na korosho, lakini sijawahi kuushuka hivyo. Gia ya pili, kona baada ya kona, malori yakinipita na kupiga honi, utingo mmoja akapaza sauti, "Mzee, unasukuma au unaendesha?" Kila nilipogusa pedeli niliisikia ikinishika mguu, imara, na kila mara nilishangaa kidogo. Bonde lilikuwa limeanza kuwa jeusi chini yetu. Kwenye kioo niliwaona wameketi, mama amefumba macho, mkono wake umeshika ukingo wa bodi. Sikujua kama anasali au anapima breki.

Tulifika hospitali wakati muuguzi wa zamu anakusanya mafaili. Akatazama saa ya ukutani, akatazama shati langu lililojaa mafuta, akauliza kama tumetoka kwenye ajali. Nikamwambia hapana, tumetoka kuizuia. Hakucheka, alikuwa amechoka kuliko mimi. Alimpima mama presha, ikawa juu. Akasema kwa presha hiyo daktari hatamgusa. Akasema apumzike, atapimwa asubuhi, ikishuka ataingia, isiposhuka basi. Mke wangu alikuja kutoka nyumbani akakaa naye pale wodini. Mimi nilirudi nyumbani kwa mapacha, nikala ugali uliopoa, nikalala na nguo.

Asubuhi ilikuwa imeshuka. Walimfanyia jicho la kushoto, lile lililokuwa na nafuu. La kulia wakasema safari nyingine, wakija.

Siku iliyofuata walimfungua bandeji. Nilitakiwa kumchukua, nikaegesha pikapu kwenye kivuli kando ya njia ya kutokea wodini, nikasimama pembeni yake kwa sababu ndani palikuwa na joto. Wakatoka. Mke wangu alimshika mkono, na mama alikuwa anatembea kama wanavyotembea wote wanaotoka pale, shingo mbele, hatua za kuulizauliza. Alisimama akatazama mti. Alisimama akamtazama mtoto wa mtu aliyekuwa anakula muwa. Alimtazama mke wangu, kwa muda mrefu, akasema kitu kilichomfanya mke wangu aguse mashavu yake na kulalamika.

Kisha akainua uso kuelekea kwenye gari, na nikamwona akiniona. Alisimama ghafla. Akavuta kanga mbele ya uso, akauachia mkono wa mke wangu, akaacha njia, akakata kwenye nyasi na kuzunguka nyuma ya jengo peke yake, haraka, bila kupapasa kitu.

Mke wangu alibaki njiani na kikapu, mdomo wazi, akinitazama.

Nami nikageuka kama inavyotakiwa, nikautazama ukuta wa hospitali hadi nilipomsikia amepanda nyuma. Ulikuwa ukuta unaohitaji rangi.